Kibamba: Vumbi linapoingia jichoni bila kuhisiwa

Abiria anayeshuka Kibamba akitokea Mbezi hupokewa na honi za bodaboda na vumbi. Barabara ya Morogoro ni pana na ya lami, lakini ukichepuka kuingia mitaani njia nyingi ni za udongo. Kiangazi, gari likipita, mama wa genge hufunika nyanya zake kwa khanga na kila aliye karibu hufumba macho. Hakuna aliyefundishwa. Jicho likihisi, kope hushuka.

Kwa mtu mwenye ukoma aliyechelewa kutibiwa, kinga hiyo inaweza kupotea. Bakteria wa ukoma hushambulia ngozi na mishipa ya fahamu. Mshipa unaoendesha misuli ya kope ukiumia, jicho halifumbi sawasawa, hata usingizini. Ukiumia ule unaoleta hisia kwenye kioo cha jicho, punje ya mchanga huingia na kukaa bila kuuma. Jicho hukauka, hupata kidonda, kidonda huacha kovu, na uoni hupungua au kupotea kabisa. Wakati mwingine uvimbe hutokea ndani ya jicho. Hapo huwa jekundu, huuma na kushindwa kuvumilia mwanga.

Upande wa pili wa jiji, Kigamboni, makazi ya Nunge yamehifadhi kwa miaka mingi wazee walioathiriwa na ukoma. Wengi wa rika lao waliugua kabla ya dawa mseto kuenea. Leo hali ni tofauti. Dawa hizo hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na ukoma hupona. Si laana, wala haurithiwi. Lakini dawa haiwezi kurudisha jicho lililokwisha kupofuka.

Ndiyo maana kazi huanzia nyumbani. Mzazi, unapomwogesha mtoto, angalia uso, mgongo, makalio na mikono. Ukiona baka lililopauka au jekundu kidogo, lisilowasha, mwambie afumbe macho, uliguse kwa ncha ya pamba, kisha akuonyeshe ulipogusa. Akishindwa, mpeleke zahanati bila kusubiri.

Kama babu au bibi aliwahi kuugua ukoma, mwombe afumbe macho taratibu, kama anayelala. Weupe wa jicho ukionekana, anahitaji daktari wa macho. Jicho likiwa jekundu au likiuma, aende siku hiyo hiyo. Kila siku avae miwani na kofia pana, akumbuke kupepesa, ajitazame kwenye kioo asubuhi, na usiku afunike macho kwa kitambaa safi.

Vumbi la Kibamba halitaisha leo. Asiyelihisi anahitaji mtu wa nyumbani wa kumwangalia macho.