Si Kila Kichwa Kinachouma ni Malaria

Nilikuwa huku kusini, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, na leo siandiki korosho. Naandika fangasi.

Najua ukisikia fangasi unawaza miguu na raba. Huyu wa leo anaitwa kriptokokasi. Anakaa kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunamvuta puani, na kwa wengi wetu kinga ya mwili inammaliza kimya kimya. Lakini kwa mwenye VVU ambaye CD4 zimeshuka sana, anapanda hadi kwenye utando wa ubongo. Bila dawa, anaua.

Mjomba wangu, mvuvi wa upande wa Msimbati, aliumwa kichwa wiki tatu. Akanywa Panadol, akanywa dawa ya malaria, majirani wakasema kapigwa na pepo wa baharini. Alipofikishwa mjini na kuchomwa sindano ya mgongo, maji yalikuwa yamejaa fangasi. Hakuwahi kujua kuwa ana VVU. Siku ya tano tulimzika.

Kinachoniuma ni kwamba adui huyu hujitangaza mapema. Amejivika koti nene la sukari, na vipande vya koti hilo huingia kwenye damu. Hivyo ndivyo antijeni. Kwa mgonjwa wa namna hii huwezi kutegemea kingamwili zake, maana kinga yenyewe imechoka. Ni sawa na kumwuliza mlinzi aliyelala nani kaiba. Unafuata nyayo za mwizi. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kwa nusu ya wagonjwa, nyayo hizo zilikuwa kwenye damu siku 22 au zaidi kabla ya dalili.

Ikabaki kutafuta chambo cha kuzinasa. Maabara ya Thomas Kozel, Chuo Kikuu cha Nevada huko Reno, Marekani, ilitengeneza kingamwili zinazolishika koti hilo. Mwaka 2011 kipimo kikapata kibali Marekani: kikaratasi kama cha kupima mimba, tone la majimaji ya damu, dakika 10.

Ushahidi wa nyumbani upo pia. Utafiti wa REMSTART wa Dar es Salaam na Lusaka, uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015, ulifuatilia watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 waliokuwa wanaanza ARV. Kundi lililopimwa antijeni na kutembelewa nyumbani wiki za mwanzo, walikufa 13 katika kila 100 ndani ya mwaka. Kundi la huduma ya kawaida, 18. Aliyekutwa na antijeni alianzishiwa flukonazoli mapema.

Sasa jamani, gesi ya Mnazi Bay, jirani kabisa na kwa mjomba, inasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 500 hadi Dar. Kikaratasi kinachoenea mfukoni kinashindwaje kusafiri kuja huku, hadi kwenye zahanati ya mwisho?

Na wewe msomaji, kapime VVU ukiwa mzima. Ndugu yako mwenye VVU akiumwa kichwa siku nyingi na malaria haionekani, msikubali dozi nyingine ya kubahatisha. Ulizeni kipimo cha fangasi.

Nawasilisha.