Gari Lililojifunza Kona

Baba hakuyapenda magari ya Marekani, na sababu alikuwa nayo. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alikwenda kutazama mashindano ya East African Safari. Ford walikuwa wameleta Mercury Comet sita, ndefu na nzito, zenye injini za V8. Zilianza sita, zikamaliza mbili. Mshindi alikuwa Peter Hughes, ndani ya Ford Cortina GT, kigari cha Kiingereza cha silinda nne. "Mmarekani anajua kwenda mbele tu," Baba alikuwa akituambia. "Kona hajui."

Hukumu hiyo ilidumu nyumbani kwetu Rongai kwa zaidi ya nusu karne. Sisi tulikuwa watu wa Peugeot, au Pijo kama kila mtu alivyolitamka. 504 ilishinda Safari mwaka 1975 na tena 1978, na kwetu ilibeba mahindi, wagonjwa na maharusi. Kisha Colin McRae akashinda kwa Subaru Impreza mwaka 1997, vijana wote wakahamia huko. Mimi sikuhama. Nilikuwa nimeanza kuendesha lori, na miaka yangu yote ya ujana niliimaliza kati ya Mombasa na Malaba, nyuma ya usukani wa trela.

Sauti ya V8 ya Marekani niliisikia kwa mara ya kwanza Mombasa, bandarini, gari la mtu likishushwa. Nilisimama. Injini ile ina silinda nne kila upande, na kwa jinsi mhimili wake ulivyopindwa, moshi wa kila upande hautoki kwa mpigo sawa. Unakuja mmoja, unachelewa, kisha miwili inafuatana. Ndiyo maana gari likiwa limesimama tu linanguruma kama ngoma inayopigwa na mtu mwenye mambo moyoni. Sijasikia injini nyingine ikizungumza hivyo, na nikatamani kumiliki Ford Mustang yenye sauti hiyo.

Lakini Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, wala lililopita miaka minane. Mustang ilizinduliwa Aprili 1964, mwaka ule ule wa zile Comet za Baba, na ilipita miaka hamsini bila kiwanda kuiundia usukani wa kulia. Lilipofika toleo la 2015 ndipo Ford wakaitengeneza kwa ajili ya Waingereza, Waaustralia na, bila wao kujua, kwa ajili yangu. Mwaka 2022 niliuza trela moja kati ya tatu nilizokuwa nazo, nikaagiza GT ya 2016 kutoka Uingereza, lita tano, zaidi ya farasi 400. Ushuru wa forodha wakati huo ulikuwa asilimia 25. Juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 35, kwa kuwa injini inazidi cc elfu tatu. Juu ya yote VAT asilimia 16. Nililipa, na sijawahi kuijutia shilingi hata moja.

Nililoligundua ni hili: mbio si sehemu kubwa ya furaha yake. Hata barabara kuu haziruhusu zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na mimi ni mtu wa Salgaa, kituo cha malori karibu na kwetu Rongai. Nimewafahamu madereva walioachia lori nyutro kwenye mteremko ili kuokoa dizeli, na nilikuwa njiani usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, watu 36 walipokufa ajalini Migaa, kwenye barabara yetu. Yeyote aliyeiona barabara ile asubuhi ile hana hamu ya kuonyesha nguvu juu yake. Nguvu ninayoipenda ni ile iliyokaa akiba: kupita trela kwa sekunde chache kisha kurudi upande wangu nikiwa nimetulia, kupanda mlima wa Sachangwan bila kubadilisha gia, kukanyaga breki na gari likasimama pale pale nilipotaka.

Na kona. Mustang nyingi za zamani zilikuwa na eksel moja nzima nyuma, gurudumu moja likiruka, la pili linavurugika. Hili magurudumu yake ya nyuma yanajitegemea, na kwenye lami yetu yenye mabonde tofauti unaisikia kiunoni.

Kitu kimoja bado kinalishinda, nacho ni tope. Mvua ikinyesha naliacha kwenye kituo cha mafuta Rongai, nikamalizia njia kwa bodaboda.

Jumapili moja ya kiangazi nilimpakia Baba, miaka 80, nikamkunja taratibu hadi akaenea kwenye kile kiti cha chini. Hakusema neno mpaka Salgaa. Tulipanda mlima, tukazipita zile kona, yeye ameshika mpini wa mlango na macho mbele, jinsi alivyokuwa akiwatazama madereva wa Safari. Kule juu niliegesha pembeni.

"Zile Comet zilikuwa na sauti hii," alisema.

"Na kona, Baba?"

"Kona limezijua."

Nilizima injini. Upepo wa Mau ukaingia dirishani, trela mbili zikapita zikipumua kwenye gia ya chini. Baba alikaa kidogo, kisha akanigusa mkono.

"Washa tena."