Mahari yangu ilikuwa hedifoni



Wanaokuja kwangu kupakwa hina huziona zile hedifoni kubwa zenye madoa kama marumaru zimetundikwa juu ya meza, na karibu kila bi harusi huniuliza kama ni za mume wangu. Ni zangu. Ni sehemu ya mahari yangu, na leo nawasimulia, maana wawili watatu kati yenu mko kwenye kupanga mahari sasa hivi na mnaona haya kusema mnachokitaka.

Shangazi alipotumwa kuniuliza nataka nini, nilimwambia fedha kidogo, msahafu, na vya masikioni. Alifurahi kweli. Alirudi ukumbini akatangaza herini za dhahabu, na watu wa upande wa pili wameshaanza kuulizia uzito ndipo nikamwita chemba nikamwambia ni hedifoni, za kusikilizia. "Hedifoni? Kama za vijana wa bodaboda?" Mama alijifunika uso kwa kanga. Aliyeniokoa ni ami yangu, aliyewakumbusha kuwa katika zama za Mtume (SAW) yupo sahaba aliyeozeshwa kwa sura za Qur'ani alizozihifadhi, na kwamba mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe.

Sababu yangu ilikuwa bibi. Bibi, Mungu amrehemu, alisomesha chuoni wasichana wa mtaani kwetu kwa miaka mingi, na imebaki kaseti moja tu anayosoma Yasini. Tuliihamishia kwenye simu, lakini kwenye spika ya simu bibi alikuwa kama mtu anayesema ndani ya mtungi. Idi moja binamu yangu anayeishi Maskati alikuja na hedifoni zake, Sennheiser HD 600, na kidude kidogo cha kukuzia sauti. Akanivalisha. Nikamsikia bibi akivuta pumzi kabla ya aya. Nikasikia jogoo, na mtoto anakohoa pembeni. Nililia mpaka binamu akadhani zimenibana.

Sasa mchumba wangu, mtu mwema, alisikia neno hedifoni akaenda kutafuta za bei kubwa kuliko uwezo wake. Alileta zisizo na waya, zimefunikwa pande zote, kwenye boksi zuri. Chapa siitaji. Nilipoweka kaseti ya bibi, besi zilitangulia mbele na bibi akarudi nyuma ya pazia. Mliosoma chuoni mnaijua qalqala, zile herufi tano za "qutbu jadin" zinazodunda kidogo zikiwa na sukuni. Kwenye zile hedifoni hazikudunda, zilipiga kama ngoma. Ghunna, ambayo bibi aliivuta kwa haraka mbili sawasawa na kutuchapa tukiikata, ilivimba ikawa mvumo tu.

Nikajaribu na za kijana anayepiga video za harusi, Beyerdynamic DT 990. Hizo ni kinyume chake: sauti za juu zimenyanyuliwa, na yeye anazipenda kwa sababu zinamwonyesha kila kasoro kwenye rekodi. Mimi ziliniumiza. Herufi za safiri, yaani sadi, sini na zai, zilikuja kama sindano, na mkwaruzo wa kaseti ukawa mvua juu ya bati.

HD 600 hazina ajabu. Zimetoka 1997, za Kijerumani, na anayependa ngoma atakwambia zimekauka, kwamba besi za chini kabisa hazifiki. Ni kweli. Ila pale katikati, inapokaa sauti ya binadamu, haziongezi wala hazipunguzi kitu unachokijua. Zilizofuata, HD 650 za 2003, zina joto zaidi na ni laini masikioni, na wako wanaozipendelea kwa usikilizaji wa masaa. Sikio langu limefundwa na mwalimu mmoja, kwa hiyo nilijua nilichokuwa nakitafuta.

Tabu ilikuwa kusema. Mama alinishauri nipokee tu, nisimvunje moyo mtoto wa watu. Nilikaa nazo wiki nzima nikimwambia mchumba wangu ni nzuri mashaallah, na kila nikisema hivyo nalala vibaya. Akdi ilikuwa imebaki wiki tatu. Nikawaza, kama nitaanza ndoa kwa kusifia nisichokipenda, nitaendelea mpaka lini? Baada ya isha nikampigia nikamwambia ukweli. Alisema "sawa" moja kavu, akakata. Siku mbili kimya. Nilijua nimeshaharibu, na mama hakuninyamazia.

Siku ya tatu alikuja nyumbani akakaa barazani na kaka yangu, akaomba kaseti. Binamu alikuwa bado hajaondoka. Akasikiliza kwenye zake, akasikiliza kwenye HD 600, akarudia. Kaka aliniletea jawabu ndani: "Anasema yeye bado anapenda zake. Lakini kwenye hizi bibi yumo." Binamu akamuuzia zile zile alizozitumia, kwa bei ya kindugu. Zile za besi mume wangu anazo mpaka leo, anaangalilia mpira.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, Marekani, waliowapima wasikilizaji wanapenda mlio gani. Kama 64 katika kila 100 walipenda mlio uliosawazishwa wenye besi iliyonyanyuliwa kiasi, 15 walitaka besi zaidi, na 21 walitaka ipunguzwe. Katika hao 21 wanawake na waliovuka miaka 50 walijitokeza zaidi. Nilimsomea mume wangu, tukacheka, kila mtu akijitafutia kundi lake.

Kwa anayetaka kununua: HD 600 zina ukinzani wa omu 300, simu peke yake huzisukuma kwa shida, kwa hiyo tia hesabu ya kikuza sauti. Tena ziko wazi nyuma, sauti inatoka nje. Kwenye daladala kila mtu atasikiliza na wewe, lakini nyumbani namsikia mwanangu akiamka na adhana hainipiti. Sauti usiipandishe. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki ndiyo mwisho kwa mtu mzima. Na ukienda dukani nenda na rekodi unayoijua kwa moyo, usikubali ile ya muuzaji.

Shangazi naye amezivaa mara moja, akamsikiliza dada yake mkubwa akisoma mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akazivua, akazifuta kwa mtandio wake. Watu wakimuuliza mahari yangu ilikuwa nini, bado anajibu herini, herini za Kijerumani.