Safari ya Mungu Nisaidie

Nimekulia Arumeru, chini ya Mlima Meru. Kwetu bangi ni habari ya askari: mashamba hufyekwa, magunia huchomwa moto, wenye mashamba hukimbilia msituni. Ndiyo maana nilipokwenda Lesotho kwa mara ya kwanza kuona bangi inayolimwa kwa leseni ya serikali, moyo ulinidunda kama mwizi.

Tulitoka Maseru alfajiri kwa basi dogo kuelekea Marakabei. Wenzangu walijifunika mablanketi mazito ya sufu. Mimi nilijikunyata ndani ya koti nililolinunua Kariakoo. Nchi hii yote iko juu ya mita 1,400, na bado barabara ilikuwa ikipanda tu. Tukafika kwenye kona za Molimo Nthuse, yaani “Mungu nisaidie”. Basi liliponguruma kwa gia ya kwanza huku korongo likituchungulia dirishani, sikuhitaji kuelezwa jina hilo lilitoka wapi. Na hapo kilele chenyewe cha barabara, kinachozidi mita 2,600, kilikuwa bado mbele.

Mama niliyeketi naye, niliyemwita 'm'e kwa heshima ya huko, alicheka nilipomnong'oneza shida yangu. “Unanong'ona nini? Sisi bangi tunaiita matekoane.” Alikuwa akiipanda katikati ya mahindi tangu mumewe alipopunguzwa kazi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Shule ya msingi ni bure, sekondari ina ada. Ada ya wanawe wawili ilitoka kwenye magunia yaliyovushwa mpakani usiku.

Marakabei nilisimama mteremkoni kulitazama shamba la leseni ndani ya uzio wake. Jua kali, hewa kavu, usiku wa baridi usiopendwa na wadudu: mmea huu unataka nini zaidi? Mwaka 2017 Lesotho ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni za kulima bangi ya dawa, na mwaka 2021 mavuno ya hapa Marakabei yalipata cheti cha ubora cha kuingia soko la Ulaya. Maua hukaushwa, mengine hukamuliwa mafuta yanayotuliza kifafa na maumivu sugu. Binti mmoja aliyekuwa akitoka zamu aliniambia huo ndio mshahara wake wa kwanza wa kila mwezi, na nyumbani wanamtegemea watu sita.

Jioni 'm'e alinikaribisha kwake kwa papa na moroho, ugali na mboga za majani kama za mama yangu. Nikamuuliza kwa nini naye asiombe leseni. Alitaja bei yake, karibu nusu milioni ya maloti, fedha ya huko, kisha akanionyesha shamba lake kwa mwiko: lilianzia mlangoni, likaishia kwenye zizi la kondoo.

Mmea ni ule ule. Ndani ya uzio ni dawa, nyuma ya nyumba ya 'm'e ni kosa la jinai, na aliyeutunza miaka yote ni yeye.

Malawi na Rwanda nazo zimeshafungua mlango huu. Siku wabunge wetu wakiujadili, nawaomba waanze na bei ya leseni, wakimfikiria mkulima wa robo eka. La sivyo, mwekezaji ataruhusiwa kuvuna, na Arumeru wataendelea kukimbilia msituni.