Fundi Vitanda na Gitaa la Solo

Kwa miaka 9 nilikuwa fundi vitanda tu pale Keko, Dar es Salaam. Kazi yetu ilihukumiwa na macho. Mteja anazunguka kitanda, anapapasa ubao wa kichwani, anauliza bei, anaguna, analipa. Kitanda kikizidi milimita 2 hakuna anayekosa usingizi. Nami nilijihesabu fundi aliyekamilika.

Mwaka 1997 alinijia mzee mmoja amebeba mfuko wa rambo. Alikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi za dansi. Ndani ya mfuko mlikuwa na pikapu mbili za kunasa sauti, daraja la nyuzi na mashine sita za kukazia nyuzi, vyote vimeng'olewa kwenye magitaa yaliyokufa. "Fundi," akasema, "hivi vimekosa nyumba tu."

Nilishangaa mpigaji wa miaka yote ile hana gitaa. Akanieleza. Enzi zake bendi kubwa zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpigaji akihama au akistaafu, gitaa linabaki stoo, yeye anaondoka na vidole vyake. Alikuwa amepiga tangu ujana na hakuwahi kumiliki hata moja.

Nikaipokea kazi kwa ujasiri wa mtu asiyejua. Kiwiliwili nilichonga kwa mninga, mbao ambayo ikishakauka vizuri haipindi ovyo. Shingo nikaitoa kwenye mkangazi. Ubao wa juu ya shingo, ule unaokanyagwa na vidole, nikauweka mpingo, mti ule ule ambao wenzetu wa Ulaya hutengenezea klarineti. Mpingo haubembelezeki. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na randa ikipita juu yake inalia kama imegusa jiwe. Kwa kipande kisichofika futi 2 nilinoa mara nne. Kabla ya kukigundisha nilikipangusa kwa thina, maana mafuta yake hukataa gundi. Kile kimfupa kinachobeba nyuzi karibu na kichwa nilikifuata machinjioni Vingunguti, nikakichemsha, nikakipiga tupa hadi kikakaa sawa.

Nikaja kwenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Hapo ndipo kitanda kiliponiumbua. Nilipima freti ya kwanza kutoka kwenye mfupa, ya pili kutoka kwenye ya kwanza, ya tatu kutoka kwenye ya pili, kama mtu anayepanga chaga za kitanda. Kila mara penseli iliniongezea unene wa ncha yake. Nilipofika ya 12 nilikuwa nimepotea milimita 4, na sikujua.

Mzee alikaza nyuzi, akapiga uzi mtupu, kisha akaukanyaga kwenye freti ya 12. Pale sauti inatakiwa irudi ile ile, ila juu zaidi. Haikurudi. Akarudia mara tatu, akaliweka gitaa mezani taratibu. "Fundi, hili linasema uongo."

Nililala vibaya usiku ule. Kesho yake nikaubandua mpingo kwa pasi ya moto na kisu chembamba, nikaanza upya na kikokotoo mkononi. Urefu wa uzi kutoka kwenye mfupa hadi darajani ulikuwa milimita 648. Unagawa kwa 17.817, unapata 36.4, hapo ndipo freti ya kwanza inakaa. Kilichobaki unakigawa tena kwa namba ile ile, vivyo hivyo hadi ya 12 ianguke katikati kabisa, milimita 324. Hesabu zote nilizimaliza kwenye karatasi, kisha nikapima zote kutoka sehemu moja tu, pale kwenye mfupa, kwa rula ya chuma na ncha ya kisu. Penseli niliiacha sikioni.

Shingo haikuwa na hesabu ya kuniokoa. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa mzee kiliwahi kuvunjika, kikaunga kimepinda. Kwa shingo nene kilikuwa hakifiki uzi wa juu. Basi akawa anakuja kila jioni. Anakaa kwenye benchi, anafumba macho, anashika shingo, anapandisha mkono na kuushusha. "Hapa, panashika gumba." Naweka alama ya chaki, napitisha tupa ya mbao mara mbili, namrudishia. Siku za mwisho niliweka tupa chini nikatumia kipande cha kioo kilichovunjika, kinachokwangua vumbi laini kama unga wa muhogo. Macho yangu hayakuona tofauti yoyote. Mkono wake uliiona. Jioni ya sita aliishika shingo, akapandisha, akashusha, hakusema neno. Nikapaka vanishi.

Nyaya alizifunga jirani yangu fundi redio, akanifundisha kwamba waya mmoja lazima utoke darajani kwenda ardhi, la sivyo spika itavuma kama nyuki. Tulipounganisha, mzee alianza na freti ya 12. Gitaa likasema kweli.

Tangu siku hiyo nimetengeneza mengine mengi, ingawa vitanda ndivyo vinavyolipa ada za watoto. Vijana wanaokuja sasa hunionyesha picha ya gitaa la Fender kwenye simu, wanataka linalofanana na hilo. Picha naitazama. Kisha nawaambia wakae kwenye benchi wanipe mkono wa kushoto. Rangi tutapatana, na bei tutapatana. Asiyekuwa na muda wa kukaa kwenye benchi langu jioni sita, namwelekeza dukani.