Mchele hauna kosa

Shangazi mpendwa,

Huku Uppsala baridi imeanza kubana. Tiketi zimeshakatwa: Mungu akipenda tutashuka Bukoba kabla ya Krismasi na kufikia kwako Kibeta. Umeniambia nisihangaike na chakula cha mtoto, kwani umeshasagisha unga wa mchele wa uji na vitumbua. Nimefurahi mno. Lakini kuhusu huo unga, waitu, nisikilize kidogo, maana simu yetu hukatika kabla hatujafika kwenye jambo lenyewe.

Maradhi ya binti yangu huitwa siliaki. Akila ngano, shayiri, au rai wanayookea mikate migumu huku, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo wake mwenyewe. Sehemu zinazofyonza chakula husinyaa; mtoto hula asinenepe, damu ikapungua, mifupa ikadhoofu. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Analoweza ni kuacha maisha yake yote gluteni, ile protini inayofanya donge la chapati livutike. Aliyegundua kwamba ngano ndiyo mkosaji ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Wakati wa njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika, na watoto aliowatibu, waliokuwa hoi kwa ugonjwa huu, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudia kuugua.

Mchele hauna gluteni hata chembe. Hofu yangu ni mashine. Unafika na mchele wako msafi, lakini aliyekutangulia amesaga unga wa lishe: mahindi, soya, karanga, ulezi, na vikombe viwili vya ngano. Unga wake umebaki kwenye chekecheke, umeganda kwenye kuta za mashine na kwenye ule mfuko wa kitambaa ambao kijana huupigapiga kwa mkono ili usibakize kitu. Mchele wako unapita humo humo na kuukokota.

Kwa sheria za Ulaya, chakula kinachouzwa kwa jina la "bila gluteni" hakitakiwi kuzidisha miligramu 20 za gluteni katika kilo moja. Ukipiga hesabu, hiyo ni kama robo gramu ya unga wa ngano, hata ncha za vidole viwili huchota zaidi. Kuchemsha hakusaidii, wala kukaanga, kwa sababu gluteni haifi kwa moto. Kwa hiyo ule unga uliokwisha kusagisha, tafadhali pikieni wengine.

Cha mtoto tukifanye nyumbani. Nunua mchele mzima, uuchague, uuoshe, uuloweke usiku kucha. Asubuhi usage kwa blenda pamoja na tui, hiliki, sukari na hamira, uache uumuke, uchome vitumbua, mashine haikuguswa. Mapishi ya wengine huongeza kijiko cha unga wa ngano ili vishikane. Usikitie. Mafuta yawe mapya, yasiwe yale yaliyokaangia maandazi. Ukitaka unga mkavu wa uji, anika mchele uliooshwa, utwange kwenye kinu kilichosuguliwa vizuri, na chekecheke liwe jipya, lisilowahi kupitishwa ngano.

Wala usimpe mchele asubuhi, mchana na jioni. Mpunga hukua kwenye maji, na hufyonza arseniki zaidi kutoka udongoni kuliko nafaka nyingi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya hapa Sweden ilishauri watoto wa chini ya miaka 6 wasipewe kabisa keki kavu za mchele wala vinywaji vya mchele. Mtoto anayeukimbia mkate huangukia kwenye mchele kila mlo, ndiyo maana naliangalia hili kwa makini. Kwenu hilo lisikusumbue: kuna ndizi na maharage, muhogo, viazi, ulezi, mtama, sato wa ziwani bila kupakwa unga. Nilipoyapanga haya kwenye karatasi, niliona moyo wangu unatulia. Huku nasoma maandishi ya nyuma ya kila pakiti. Kibeta chakula kingi cha asili ni halali yake tangu zamani. Wajomba nao wajue kwamba lubisi, ile pombe ya ndizi na mtama, haina gluteni, ila bia ya shayiri inayo.

Jingine ni kanisani. Amepata Komunyo ya Kwanza, na Kanisa Katoliki linataka hostia iwe ya ngano. Ya unga wa mchele haikubaliki. Waraka wa Roma wa 2003 unaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, au kupokea divai peke yake. Tukienda Kanisa Kuu, alikozikwa Kardinali Rugambwa, nitaomba apewe kikombe cha peke yake, ambacho hakijatumbukizwa kipande cha hostia. Nakuomba umdokeze padri mapema.

Tena, yule mtoto wa jirani unayesema anaharisha na hakui: mama yake asimwachishe ngano kwanza. Ampeleke hospitali akapimwe akiwa bado anaila, kwani akiiacha kabla, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha hana kitu.

Nijulishe kama blenda yako bado nzima, nisije nikafika bila kuleta nyingine.

Mwanao,
Uppsala