Dakika tano, ndege, na herufi K

Najua nilipotea kidogo, kazi ilinibana. Leo naweka kando mambo ya programu (si kabisa, mtaona) niwasimulie kisa cha hapa nyumbani Bondeni.

Mpwa wangu yuko Gredi ya 8. Mwezi wa Februari alikuja na agizo la mwalimu wa Kiswahili: kila mwanafunzi azungumze mbele ya darasa dakika 5 kuhusu usafiri wa angani. Kwa mtoto mwingine hilo si neno. Huyu ana kigugumizi, na herufi inayomkwamisha zaidi ni K. Mwaka jana alisimama, akakwama neno la kwanza, darasa likaangua kicheko, akarudi kuketi. Safari hii alinijia mimi, eti kwa sababu mjomba anajua kompyuta.

Mjomba mwenyewe hana sifa nzuri. Nikiwa sekondari nilizungumza kuhusu Concorde. Nilichapisha kurasa saiba, nikasoma: kasi mara mbili ya sauti, safari ya mwisho mwaka 2003... Nilipoinua macho, watu wanasinzia. Takwimu zilikuwa sahihi zote.

Basi tukaanza kuchagua. Ndugu wawili wa Wright na mwaka 1903? Nusu ya darasa watakuja nao. Ndege ya Nairobi hadi New York bila kutua, iliyoanza Oktoba 2018? Ukishasema ni saa 15 hivi, umemaliza. Mimi nikashikilia ajali ya Kenya Airways safari 507, Douala, tarehe 5 Mei 2007. Kwa mtu wa programu kisa kile hakitoki kichwani: rubani mkuu alitamka agizo la kuwasha mtambo wa kujiendesha, mtambo haukuwaka, na ndege ikaanza kulalia kulia gizani. Watu 114 walikufa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, hiyo si ya kusimama nayo mbele ya watu wanaosubiri kucheka."

Nikanyamaza.

Nikamuuliza, wewe mwenyewe ukiona ndege huwa unajiuliza nini? Baba yake anafanya kazi Ghuba, kwa hivyo uwanja wa Moi anaujua kama kwao. Akasema, "Agosti ndege ya baba ilirukia upande wa kusini. Januari ikarukia kaskazini. Na anakwenda kule kule. Kwa nini?"

Hapo nikajua mada imepatikana.

Ndege hubebwa na hewa inayopita kwenye mabawa, haijali kasi ya magurudumu juu ya lami. Tuseme inahitaji kilomita 260 kwa saa ili iruke. Ikikabili upepo wa kilomita 30, magurudumu yakifika 230 inatosha, na lami kidogo ndiyo inayotumika. Upepo ukiwa nyuma, lazima yafike 290. Sasa angalia njia kuu ya kurukia ya Mombasa: ncha moja imeandikwa 03, ya pili 21. Ongeza sifuri, unapata nyuzi za dira, 030 na 210. Kaskazi inatoka pande za 030! Ikivuma, ndege huelekea kaskazini. Kusi ikishika zamu, hugeuziwa upande wa pili. (Si sheria ya kila siku, mnara huangalia upepo wa saa ile.)

Bibi yake alikuwa anakuna nazi pembeni. Babake alikuwa baharia. Akadakia, "Kinyume na jahazi basi. Jahazi linataka upepo wa tezi, hilo dege lenu linataka wa omo." Majahazi ya Bandari ya Kale yaliletwa na kaskazi yakarudishwa Arabuni na kusi. Upepo ni ule ule, chombo kimoja kinausubiri mgongoni, kingine usoni. Miaka yangu minne ya chuo kikuu haikunipa sentensi kama hiyo.

Mimi nikakimbilia kompyuta, ndio ugonjwa wetu. Nikaandika programu ndogo ya kusoma METAR, ripoti ya hewa ya viwanja vya ndege. Mombasa ni HKMO. Ukiona 04012KT, upepo unatoka nyuzi 040 kwa maili 12 za baharini kwa saa, kama kilomita 22. Programu inajibu: tumia 03. Mtoto akaitazama kwa heshima, akaomba karatasi ya manila.

Lakini kulikuwa na balaa. Kaskazi. Kusi. Zote K! Nikamwambia aseme "upepo wa Januari". Akakataa, ati nani huku pwani anasema hivyo.

Dawa aliitafuta mwenyewe. Alichora mishale miwili na njia ya kurukia, akauliza darasa, "Upepo wa Januari unaitwaje?" Darasa zima likapiga kelele, "Kaskazi!" "Na wa Agosti?" "Kusi!" Kila alipolihitaji neno alionyesha mshale, wao wakalitamka. Alikwama mara moja, kwenye "kilomita". Akangoja, likatoka, akaendelea.

Dakika 5 zilipoisha, kijana wa nyuma, mmoja wa waliocheka mwaka jana, akanyoosha mkono: na upepo ukija ubavuni, rubani anafanyaje?

Hakuwa na jibu. Alirudi nalo nyumbani swali hilo, na mpaka saa nne usiku tulikuwa sakafuni na ndege ya karatasi mbele ya feni.